Kutoka 98 hadi 6: Challenge Cup ya 2025 ilisomwa kinyumenyume

Februari 2025 Warrington Wolves, klabu ya raga ya kulipwa ya Uingereza, walikutana na Sherwood Wolf Hunt, timu ya ridhaa kutoka pande za Mansfield, wakawafunga 98-0. Juni ya mwaka huohuo, katika kombe lilelile, Warrington haohao waliingia Wembley kwa fainali mbele ya watazamaji 63,278, wakapambana dakika 80, wakatoka na pointi 6. Kelele zote zilipigwa juu ya ile 98. Kila mwenye kalamu alikuwa na neno la kusema: aibu, dhihaka, kombe limeshushwa hadhi. Mimi iliyonikosesha usingizi ni ile 6.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mchezo gani, maana huku kwetu ukitaja raga mtu anawaza Shujaa, timu ya Kenya, na raga ya wachezaji saba, au ile ya wachezaji 15. Hii ni raga ya wachezaji 13, ndugu wa tumbo moja aliyegombana na nduguze akahama nyumba. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa pesa. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana katika George Hotel mjini Huddersfield na kujitenga, kwa kuwa wakubwa wa mchezo walikataa katakata mchezaji alipwe fidia ya mshahara anaoukosa akienda uwanjani. Kwa bwana mwenye mali, raga ilikuwa starehe. Kwa mchimba makaa wa Yorkshire au mfanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Lancashire, Jumamosi uwanjani ilikuwa na maana ya mkate pungufu mezani.

Miaka ikapita, sheria nazo zikaachana. Katika raga ya 13, timu yenye mpira inaweza kuangushwa mara sita tu, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana kabla ya kuangushwa mara ya sita utaona mtu anaupiga teke. Trai, yaani kuukandamiza mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, mkwaju wa kuiongezea trai ni 2, penalti 2, na dropu, ule mpira unaodundishwa chini na kupigwa palepale, ni pointi 1. Ukiyajua hayo, umeshajua ya kutosha kuifuata makala hii.

Kombe lenyewe, Challenge Cup, lilianza msimu wa 1896-97, na Batley wakawa wa kwanza kulibeba kwa kuwafunga St Helens 10-3 kule Headingley, Leeds. Tangu mwanzo lilikuwa kombe la miji midogo yenye moshi mwingi. Ukilisahau hilo, hutaelewa kwa nini kilichofanyika mwanzoni mwa 2025 kilikuwa na maana.

Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 2024 klabu za Super League, yaani ligi kuu, ziliingia mashindanoni katika raundi ya sita, wadogo wakiwa wameshachujana na kumalizana. Mwaka 2025 zikaingizwa raundi ya tatu, zote 12, na zote zikapangwa kuwa wageni. Nia ilikuwa wazi: mkubwa amfuate mdogo, mtoto wa kijijini amwone kwa macho yake yule anayemtazama kwenye runinga. Matokeo ya wikendi ile unayaweza kuyakisia. Sherwood wakala 98, na hawakuwa peke yao katika msiba. York Acorn, timu ya ridhaa ya mjini York, walifungwa 60-6 na Hull Kingston Rovers, au Hull KR kama wanavyoitwa na kila mtu.

Waliolalamika walikuwa na hoja, sikatai. Mtu anayefanya mazoezi Jumanne usiku baada ya kushinda kazini, ukimkutanisha na mtu ambaye mazoezi ndiyo kazi yake, hujaandaa mashindano, umeandaa ziara. Katika mchezo huu wa kugongana mwili kwa mwili kuna hata suala la usalama. Lakini hoja ikavutwa hadi isipofika: kwamba basi wadogo wafungiwe mlango, kombe liwe la wenye uwezo, lianze pale lilipo na ladha. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Wikendi ileile, katika raundi ileile, Castleford Tigers wa Super League walikwenda Odsal kucheza na Bradford Bulls wa daraja la pili. Castleford walikuwa na kocha mpya, Danny McGuire, na hiyo ndiyo mechi yake ya kwanza. Bradford wakashinda 18-16. Odsal ni uwanja kama bakuli kubwa lililochimbwa ardhini, mahali ambapo mwaka 1954 watu 102,569 walihesabiwa langoni kutazama fainali ya marudiano ya kombe hilihili. (Fainali ile, kwa taarifa ya wanaodhani raga tamu lazima iwe na pointi nyingi, iliisha Warrington 8, Halifax 4, baada ya sare ya 4-4 pale Wembley.) Mechi ya Bradford haikupigiwa kelele hata robo ya zile za 98. Kumbe yenyewe ndiyo iliyoonyesha kombe lilipoumia na lilipo hai. Nafasi kati ya Sherwood na Warrington haizibiki. Nafasi kati ya Bradford na Castleford inazibika kwa jioni moja ya baridi. Tiba ni kuzipanga klabu za daraja la pili na la tatu ziwe wenyeji wa wakubwa kwa wingi zaidi, na timu za ridhaa zipewe wapinzani wa kati kwanza. Asiyeweza kuruka ngazi tano mpe moja. Kumkatia ngazi yote ni jambo jingine kabisa.

Sasa twende Hull, kwa sababu msimu ule hauelezeki bila mji huo.

Hull ni mji wa bandari mashariki mwa Uingereza. Mto unaoitwa Hull unaukata vipande viwili, na raga imeukata palepale. Magharibi ni Hull FC, klabu ambayo kwa desturi ilikuwa ya wavuvi. Mashariki ni Hull KR, ya watu wa gati na mizigo. Mwaka 1980 pande zote mbili zilikutana katika fainali ya Challenge Cup pale Wembley, na mji ukahama. Watu 95,000 walijaza uwanja, na kule nyumbani, kando ya barabara ya kutokea mjini, mtu akaweka bango la kumwomba atakayekuwa wa mwisho kuondoka azime taa. Hull KR walishinda 10-5. Roger Millward, nahodha na kocha wao, alivunjwa taya mapema katika mechi ile, akaendelea kucheza hadi mwisho. Taya limevunjika, kombe amelinyanyua.

Baada ya ubingwa wa ligi wa 1985, Hull KR waliingia kiangazi cha miaka 40. Mwaka 1986 walipoteza fainali ya kombe kwa pointi moja, 15-14, mbele ya Castleford. Mwaka 2015 walirudi Wembley wakafungwa na Leeds 50-0, kipigo ambacho hata adui anakionea haya. Mwaka 2016 ndio ulikuwa wenye nyongo zaidi. Agosti majirani zao Hull FC, ambao kwa miaka yote walikuwa wakitaniwa kwamba hawajawahi kushinda Wembley, wakashinda Wembley. Oktoba Hull KR wakashushwa daraja nyumbani kwao, kwa kufungwa 19-18 na Salford katika muda wa ziada, kwa dropu moja iliyopigwa na Gareth O'Brien. Jirani anaoa, wewe unazika.

Walipanda tena baada ya msimu mmoja. Wakafika fainali ya kombe mwaka 2023, wakaipoteza 17-16 kwa Leigh, kwa pointi ya dhahabu, yaani muda wa ziada ambao wa kwanza kufunga ndiye mshindi. Wakafika fainali ya ligi mwaka 2024, wakafungwa 9-2 na Wigan. Mtu akikupitisha katika orodha hiyo bila kukutajia jina la klabu, utasema hii si timu, hii ni kafara.

Nairejesha historia hiyo kwa sababu inajibu hoja ya wapogoaji. Wanaosema mdogo aondolewe, wanamaanisha mdogo wa leo. Oktoba 2016 Hull KR walikuwa chini ya mstari. Kama mstari ungechorwa wino usiofutika siku ile, mshindi wa 2025 asingekuwepo.

Njia yao ya 2025 nayo ilikuwa na kichekesho chake. Mwaka uliotangulia Wigan walibeba kila kitu kilichokuwepo cha kubebwa: ubingwa wa dunia wa klabu, Challenge Cup, ngao ya anayemaliza ligi akiwa kileleni mwa msimamo, na fainali kuu inayoamua bingwa wa ligi. Kila mmoja aliwaogopa. Waliowatoa katika raundi ya nne ni nani? Hull FC. Na waliowatoa Hull FC katika robo fainali ni nani? Hull KR. Yaani majirani walifagia njia, kisha wakafagiliwa wao. Nusu fainali ikachezwa York, Hull KR wakawafunga Catalans Dragons wa Ufaransa 36-12. Upande wa pili Warrington waliwabwaga Leigh 21-20. Pointi moja tu, wale waliofunga 98 mwezi wa pili.

Jumamosi ya fainali, 7 Juni, iliangukia wikendi ya Idd. Nyumbani tulikuwa wengi, pilau imebaki nusu sufuria, na mimi nimejibanza pembeni na kompyuta juu ya kiti cha plastiki, intaneti ikienda na kurudi kama mgonjwa wa homa. Mpwa wangu, ambaye raga anayoijua ni ya Shujaa, trai inafungwa kila dakika moja na nusu, alikaa nami akavumilia hadi mapumziko.

"Mjomba, hawa mbona hawafungi?"

"Wanafungana kwa kukabana."

"Sasa hiyo ni mechi au ni mashindano ya kuangushana?"

Akaondoka kwenda kutafuta soda. Sikumlaumu. Kwenye ubao Warrington walikuwa mbele 6-2: trai ya Josh Thewlis na mkwaju wa Marc Sneyd kwa upande wao, penalti ya Mikey Lewis kwa upande wa Hull KR. Kwa mtu anayehesabu pointi, hakuna kilichokuwa kikitokea. Kwa anayetazama miili, kila kitu kilikuwa kikitokea. Mtu anaupokea mpira, anawavaa watatu, anaangushwa, anajiinua, anausukuma nyuma kwa soli ya kiatu, na mwenzake anaenda kuwavaa watatu wengine. Mara sita. Kisha teke. Kisha upande wa pili nao mara sita. Warrington walicheza bila nahodha wao George Williams, aliyekuwa majeruhi, kwa hiyo kazi yote ya kufikiri ilimwangukia Sneyd. Naye aliifanya kwa mguu. Kila mpira wa mwisho aliupeleka kulekule ambako Hull KR hawakutaka kuanzia. Ukitaka kujua jinsi timu inavyoweza kunyongwa bila kufungwa, itafute mechi ile uitazame.

Kosa la Warrington, kama ni kosa, ni kwamba walianza kuilinda 6-2 kana kwamba ni 16-2. Tofauti ya pointi nne katika raga ya 13 ni trai moja kamili, bila hata mkwaju. Ukiongoza kwa nne huna akiba, una deni ambalo halijadaiwa. Dropu moja ingefanya pengo liwe tano, na trai ya Hull KR bila mkwaju isingetosha hata kwa sare. Penalti moja ingefanya sita. Nilikuwa nikiingoja dropu hiyo tangu dakika ya 60. Haikuja.

Dakika ya 78 Tyrone May aliupiga mpira teke la chini, ukaburura nyasi kuelekea nyuma ya mabeki wa Warrington. Mpira wa raga una umbo la yai, na yai likidunda halina adabu. Warrington walishindwa kuudhibiti. Tom Davies, winga wa Hull KR, akaurukia na kuukandamiza chini ya mkono wake. Trai. 6-6.

Hapo watu wengi wa Hull, nina hakika, waliliona taya la Millward na dropu ya O'Brien kwa pamoja. Maana 6-6 ikibaki, ni pointi ya dhahabu, na wao pointi ya dhahabu wanaijua ladha yake. Mkwaju unaofuata trai hupigwa kutoka kwenye mstari ulionyooka na pale mpira ulipokandamizwa. Mpigaji alikuwa Mikey Lewis, kijana wa mjini Hull, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2024. Akauweka mpira, akarudi nyuma, akautazama, akazitazama nguzo. Intaneti yangu ikaganda mguu ukiwa hewani. Nilijua matokeo kwa ubao uliporudi: 8-6.

Mpwa wangu alirudi na soda. "Kumbe wamefunga?"

Sasa niseme juu ya Sneyd, kwa sababu kwangu yeye ndiye kisa cha fainali ile kuliko mshindi. Waandishi walimpa Lance Todd Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa fainali, ingawa timu yake ilishindwa. Ilikuwa mara yake ya tatu, na hakuna mwingine aliyewahi kuipata mara tatu. Mbili za kwanza alizipata 2016 na 2017 akiwa na Hull FC. Na ile ya 2016, fainali iliyowavunjia Hull FC mwiko wa Wembley, iliisha 12-10. Waliofungwa walikuwa Warrington, baada ya Danny Houghton kumzuia Ben Currie juu kabisa ya mstari mwishoni mwa mechi. Miaka tisa baadaye Sneyd amevaa jezi ya Warrington, na Hull ya upande wa pili wa mto inamfanyia dakika za mwisho alichowafanyia wao.

Tuzo ya namna hiyo kumwangukia aliyeshindwa ina historia chungu. Mwaka 1968, mvua ikiwa imeigeuza Wembley dimbwi, Don Fox wa Wakefield Trinity alikuwa ndiye bora wa fainali. Dakika ya mwisho kabisa timu yake ilifunga trai katikati ya nguzo, ubao ukasoma Leeds 11, Wakefield 10, na mkwaju mwepesi kuliko yote ukawa wake. Aliukosa. Watu wanamkumbuka kwa mkwaju huo hadi kesho. Nadhani Sneyd atasamehewa, kwa kuwa hakukosa mkwaju wa namna hiyo. Kosa lake, kama nilivyosema, ni dropu ambayo hakuipiga, na jambo ambalo halikufanyika halina picha.

Kuna waliosema fainali ya 8-6 ni ya kuchosha na haiwezi kuuza mchezo. Sijui wanauza nini. Hull KR waliendelea kutoka hapo wakabeba ngao ya kuongoza ligi, kisha Oktoba wakawafunga Wigan 24-6 pale Old Trafford, wakakamilisha mataji matatu ndani ya msimu mmoja chini ya kocha Willie Peters. Timu iliyokosa taji kubwa kwa miaka 40 ikabeba matatu kwa miezi mitano. Ukitafuta siri, usiitafute katika trai za akina Davies. Itafute katika ile 6 iliyonikosesha usingizi.

Februari, York Acorn walipata pointi 6 mbele ya Hull KR. Juni, Warrington walipata 6. Oktoba, Wigan, mabingwa watetezi wa ligi, walipata 6. Najua Hull KR wa Februari hawakuwa wamekunja mikono ya mashati kama wale wa Oktoba, na najua namba hupenda kucheka na watu. Hata hivyo, kule York kuna watu wa ridhaa waliorudi kazini Jumatatu ile wamevimba magoti, ambao leo wakikaa na mtu wa Wigan wana haki ya kumuuliza: nyinyi mliwafunga ngapi?